Tata Edouard na Nyota ya Tano

KANYINDA Edouard
Fundi umeme mstaafu
Alituacha hapa Kolwezi, tarehe 17 Juni 2025

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Tata, tangu mchana ule ulipomaliza sahani yako ya bukari, ukanawa mikono, ukamwambia Mama Angèle kwamba utajinyoosha kidogo kabla ya kazi yako ya usiku. Ulisema akuamshe saa moja. Saa moja ilipofika mkeo aliingia na kikombe cha chai, akakuita kwa jina la ujana wako, na hukuitika. Jioni ile anga lilikuwa safi, kama linavyokuwa mwezi wa sita, na katika nyumba nzima hakuna aliyeinua kichwa kulitazama.

Waliotoka mbali kuja kwenye kilio waliuliza ni kazi gani ya usiku anayofanya mtu aliyestaafu. Josias, mwanao aliyekuja mbio kutoka Tenke, ndiye aliyesukumwa mbele kujibu.

"Tata alikuwa anahesabu nyota," akasema.

Mjomba mmoja akataka kujua zilikuwa ngapi.

"Zamani tano. Sasa ine."

Watu wakacheka na machozi yao machoni. Tunajua wewe ungecheka kuliko wote.

Tunaandika haya uyasikie wewe, na majirani wayasikie pia, kwa sababu mwaka huu majirani wamefanya jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia, na mwishoni tuna ombi kwao. Lakini tuanze na wewe.

Ulikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na mmoja. Baba yako aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Wewe ukapewa ngazi na waya. Taa nyingi zilizomulika shimo la mgodi wa Mashamba zilipita mikononi mwako, na ulijivuna nazo, maana ulijua mtu akianguka gizani kule chini hainuki. Hukuwa adui wa mwanga hata siku moja. Watu walipokusifu kwamba unapigania giza, uliwakatiza. "Mi njo nilipachika ile mataa," ulisema. "Acha basi nipime kazi yangu."

Ulitusimulia mara nyingi jinsi ilivyoanza, na kila mara tulijifanya hatujasikia. Usiku mmoja wa zamu yako waya mkubwa uliungua, shimo zima likazimika, nawe ukabaki juu ya ngazi ukingoja wenzako walete kifaa. Ukainua uso. Ulisema hukuona furaha kwanza, uliona aibu. Ilikuwa kama kukuta mgeni amekaa sebuleni kwako tangu asubuhi na hakuna aliyempa hata maji ya kunywa.

Kwa hiyo ulipostaafu, na Elisée akaja kuzungumza kwenye ukumbi wa parokia, wewe ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Elisée ni mtafiti wa Lubumbashi anayechunguza jinsi mwanga wa miji na migodi unavyozifuta nyota. Hawezi kuwa kila mahali, kwa hiyo anaomba macho ya watu wa kawaida. Msimu wa kiangazi, siku ambazo mwezi haupo, saa mbili za usiku, mtu asimame mahali palepale pa siku zote, atazame Msalaba wa Kusini, ahesabu nyota zake na kumtumia namba. Nyota nne za Msalaba ni kubwa, hata mlevi anaziona. Ya tano ni ndogo, imejibana pembeni, na mji ukizidi kuwaka ndiyo inayopotea kwanza. Elisée alisema hiyo ya tano ndiyo atakayoisikiliza zaidi. Watu arobaini walichukua karatasi siku ile. Mwaka uliofuata mlikuwa mmebaki sita, na Mama alisema wale watano walibaki kwa kukuogopa wewe.

Ulikata kipande cha bomba la kupitishia waya, urefu wa mkono, ukapaka rangi nyeusi ndani, ukawa unatazamia hilo. Vijana wachimbaji waliopanga chumba nyuma ya nyumba yetu walikutazama wiki mbili, kisha wakaja kwa adabu, wamevua kofia, kuuliza bomba linaonyesha kobalti iko upande gani. Hukuwacheka. Uliwaketisha, ukawapa bomba mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, tangu siku hiyo, alikuwa akikusalimu "Patron ya juu," bosi wa angani.

Kulikuwa na ile robo saa pia. Kabla ya kuhesabu ulikaa kwenye kiti chako umeelekea ukuta wa uwanja, kofia usoni, ili macho yasahau taa. Mama Angèle alikaa kando yako na kitambaa usoni mwake. Mgeni aliyefungua geti wakati huo alikuta wazee wawili wamefunika nyuso mbele ya ukuta, na wengine walirudi kinyumenyume bila kusema walichojia.

Kisha mlihesabu, kila mtu peke yake. Daftari lilikuwa na safu mbili, E yako na A ya Mama, na hamkuruhusiwa kuambiana kabla ya kuandika. Mama alipojaribu kuchungulia ulifunika kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani. "Andika kile unaona," ulimwambia, "hapana kile unajua." Alisikia maneno hayo mpaka akawa anayasema yeye kabla yako.

Ulikuwa na alama zako. Umeme ulipokatika mtaani, nalo ni jambo la kila wiki, nyota zilijaa hadi ukasahau bomba. Uliandika namba, kisha ukaizungushia duara: ni kweli uliiona, lakini haikuwa namba ya usiku wetu wa kawaida, basi ikae kando. Na mawingu yalipofunika uliandika kistari. Jémima, binti yako wa kwanza, ambaye ni mwalimu na hapendi kitu kibaki bila namba, alikuuliza kwa nini usiandike sifuri.

"Zéro ni kusema haiko," ulimjibu. "Kistari ni kusema sikuiona."

Miaka minane ya kwanza daftari lako linasema tano, tano, tano. Mwaka wa tisa nne zikaanza kuingia. Ng'ambo ya barabara lilijengwa ghala la madini na taa yake kubwa. Gracien alifungua karakana ya kuchomelea milango, cheche usiku kucha. Kila nyumba ikatundika taa getini, na nyingine ulizitundika wewe mwenyewe, bure, kwa wajane. Hukumlaumu mtu. Ila Mama alikuwa anakuona. Ulishaandika nne yako, lakini ulibaki na bomba jichoni mpaka chai ikapoa.

"Haikuenda popote," ulimwambia. "Iko palepale. Ni siye tuliwasha."

"Basi unatafuta nini?"

"Natafuta tu."

Tata, tangu uondoke tumelielewa neno hilo. Tunalielewa tukipita mbele ya kiti chako. Chancelle, kitinda mimba wako, bado anachemsha maji ya chai ya vikombe viwili saa moja jioni, halafu anakumbuka, halafu hathubutu kumwaga kimoja.

Siku ya tisa baada ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, Mama Angèle alitoka na viti viwili. Jémima alimwomba apumzike.

"Namba haina kilio," Mama akasema.

Alikaa kwenye chake. Chako alikiacha kitupu, kofia yako juu yake. Akajifunika kitambaa, akangoja robo saa nzima, akainua bomba. Akahesabu. Akashusha mkono, akafuta jicho, akahesabu tena. Zilikuwa tano.

Mama hakulia kwenye mazishi yako. Alikuwa na sufuria za kupanga na wageni wa kuwatafutia mahali pa kulala. Alilia usiku ule. Alituita tutoke wote. "Ya tano imerudi," akasema, na sisi tukatazama, na kweli ilikuwepo, ndogo, imejibana pembeni. Ikawepo Julai. Ikawepo Agosti, pamoja na moshi wa majani yanayochomwa. Mwaka huu mvua zilipokoma na Msalaba ukapanda tena jioni, ikawepo Aprili. Mara tisa aliandika tano katika safu yake. Hakusema hata mara moja kwamba ni wewe. Sisi ni watu wa kanisa, na yeye ndiye anayetukemea tukianza maneno ya ndoto na ishara. Lakini alianza kuvaa kitenge chake kizuri kabla ya kutoka na viti. Shangazi zetu waliinua nyusi, mwaka wa msiba haujaisha na mjane anajipamba. Hawakujua anajipamba kwenda wapi.

Mwezi uliopita Elisée alimwandikia Jémima. Kote Lualaba anga linazidi kufifia, aliandika, ila uwanja wenu umerudi nyuma miaka mitano. Ni kitu gani kimebadilika? Aliuliza kwa upole, lakini alisema wazi kwamba asipopata maelezo atalazimika kuliweka pembeni daftari lote, tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hawezi kuchanganya namba anazoziamini na asizoziamini. Miaka yako kumi na moja, Tata, kila robo saa uliyokaa na kofia usoni, ilitegemea jibu letu.

Jioni iliyofuata Jémima alichelewa shuleni, akaingia mtaani kwetu kwa miguu saa mbili ikikaribia. Mbele yake taa ya geti la kwanza ikazimika. Akadhani umeme umekatika. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu, mojamoja, bila haraka. Gracien akaweka chini mashine yake na cheche zikakoma. Ng'ambo ya barabara taa kubwa ya ghala nayo ikafa. Mlinzi aliyeizima hatumtaji, mwajiri wake anajua kusoma. Kwenye kona, Mama Jocelyne, jirani yetu anayeuza mikate ya mafuta, alizima taa yake akabaki gizani na karai la moto, wateja wakipapasa kwa tahadhari wasiungue vidole.

"Mama Jocelyne, kuko nini?" Jémima akauliza.

"Sema polepole. Mama yako iko nahesabu."

"Munazimaka mataa tangu lini?"

"Tangu kilio. Ku kilio tunapunguzaka radio, si vile? Sasa tata Edouard hakukuwa mutu wa radio. Tukajiuliza tutamuheshimu na nini. Njo Gracien akasema, tuzime mataa, saa yake ikifika."

"Na mama anajua?"

"Atajua namna gani? Iko na kitambaa ku macho, na akitoa anaangaliaka juu tu."

Jémima alisimama pale gizani bila kujua amkumbatie au amgombeze. Mwaka mzima mtaa mzima ulikuwa umekupenda kwa njia ambayo wewe peke yako, katika Kolwezi yote, ungeikataa.

Siku mbili tulilizunguka jambo hili. Josias alisema kwa simu kwamba tumwambie Elisée, tumalize, Mama aachwe na nyota yake; ameshapoteza cha kutosha. Chancelle alikuwa upande wake. Jémima alisema daftari ni la Mama na namba ni za Mama, na hatuwezi kuzisahihisha nyuma ya mgongo wake. Tulikuwa bado tunanong'ona jikoni Mama alipoingia, akavuta kigoda, akaketi.

"Munanificha nini?"

Jémima akamweleza yote. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Jémima alipomaliza, Mama aliuliza jambo moja tu.

"Hata Jocelyne na karai yake?"

"Hata ye."

Mama akacheka kidogo, kwa pua, vile unavyomjua. Kisha akasema, "Leta daftari."

Alifungua ukurasa wa mwaka jana, akachukua penseli yako, akaizungushia tano ya kwanza duara. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne, polepole, akihakikisha kila duara linafungika. Katikati ya kazi hiyo mkono ukasimama.

"Nilizania ni ye," akasema.

Tulikaa naye. Tunakuambia hili wewe kwa sababu wewe ungejua la kusema, na kati yetu sote tuliobaki hakuna anayejua. Baadaye akaendelea, akamaliza zote tisa, akaandika pembeni kwa herufi zake kubwa: TAA ZILIZIMWA, JUU YA HESHIMA.

Jémima alipiga picha kurasa zote, akamtumia Elisée pamoja na maelezo. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Namba zenye duara zitakaa kando, na miaka yako yote inabaki. Elisée aliongeza kwamba amewahi kupokea makosa mengi kutoka kwa watu wengi, lakini hili hajawahi kulipokea, na kwamba alilazimika kutoka ofisini kidogo.

Jumapili baada ya misa Mama alivaa kile kitenge kizuri akapita geti kwa geti, mtaa mzima, kusema aksanti. Alimwambia kila mtu jinsi ulivyofanya kazi na kwa nini wasizime tena. Gracien aliomba msamaha kama aliyevunja chombo cha watu. Mama akamshika bega. Kwa Mama Jocelyne ilikuwa vigumu zaidi.

"Sasa tutamuheshimu na nini?" Mama Jocelyne akauliza.

"Muwashe," Mama akasema. "Kisha mukuje na biti, mukae na siye."

Basi ombi letu ndilo hilo. Jumatano hii, tarehe 17 Juni, misa ya kumwombea Tata itasomwa asubuhi parokiani. Saa mbili za usiku tutakuwa uwanjani kwetu. Majirani, tunawaomba kwa mapenzi yote: acheni taa zenu ziwake. Gracien, usishushe mashine. Mama Jocelyne, uza mikate wateja wakiona wanachokula. Nawe mlinzi wa ghala, linda kazi yako, ina watoto nyuma yake. Njooni na viti, mkae robo saa mmefunika nyuso, na yeyote atakayefungua geti atukute hivyo. Kisha kila mtu ahesabu kimoyomoyo, aandike anachoona.

Mama anajua itakuwa nne. Tangu siku ile hajatoka nje na bomba. Alisema atasubiri Jumatano, na tumemkuta mara tatu akisafisha bomba ambalo ni safi. Atahesabu wa kwanza. Akiona nne ataandika nne, kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha, na baada ya kuandika ataendelea kutazama, kwa sababu na hilo amelichukua kwako.

Kuna jambo moja tumelibakiza, Tata. Mwaka mzima tulidhani safu yako ameiacha wazi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitazama. Jémima alipokuwa anapiga picha zile kurasa ndipo alipoona kwamba Mama hakuacha hata usiku mmoja. Chini ya A kuna tano, tano, tano. Chini ya E, kila usiku, ameweka kistari.

Wanaokukumbuka: mkeo Angèle Tshiela, watoto wako Jémima, Josias na Chancelle, wajukuu zako wote, wa Kolwezi na wa Tenke, dada zako na familia zao walioko Kisenge na Kasai, wenzako wa ngazi na waya wa Mashamba, Elisée, vijana wa chumba cha nyuma, waliosema tusisahau kuandika "Patron ya juu", na mtaa mzima, taa zikiwaka.

Hutatoka mioyoni mwetu, Tata. Tunatafuta tu.